Shajara ya Silvia S15: kutoka mnada wa Japani hadi namba ya Marekani

Januari 2024

Mwezi huu Nissan Silvia S15 za mwanzo kabisa zimetimiza miaka 25. Gari hili lilitoka Japani Januari 1999, likasimamishwa kuundwa Agosti 2002, na katika muda wote huo Nissan hawakuuza hata moja Marekani. S13 na S14, vizazi vilivyotangulia, zilifika huku kwa jina la 240SX, zikiwa na injini ya lita 2.4 isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. S15 iliishia Japani, Australia na New Zealand. Kwa sisi tuliokua tukizitengeneza 240SX, hili ndilo gari la familia tulilolijua kwa picha tu, na sasa sheria inaturuhusu kulileta.

Sheria yenyewe nitaieleza kidogo kwa sababu mradi mzima unaning'inia hapo. Miaka ya 1980 watu walikuwa wakiingiza magari ya Ulaya, hasa Mercedes-Benz na BMW, kisha gereji ndogo ndogo zinayabadilisha taa, bampa na milango ili yafanane na viwango vya Marekani. Kazi nyingine zilikuwa nzuri, nyingine za kutisha. Mwaka 1988 Bunge likafunga njia hiyo. Tangu hapo, gari ambalo halikuundwa kwa viwango vya usalama vya Marekani linaingia kupitia kampuni iliyosajiliwa maalumu, kwa dhamana ya asilimia 150 ya thamani ya gari, na kwanza ithibitishwe kwamba aina hiyo inaweza kurekebishwa hadi ifikie viwango. Kwa gari ambalo halina ndugu wa karibu aliyeuzwa hapa, kuthibitisha maana yake ni kugongesha magari mazima kwenye ukuta wa majaribio. Hakuna mtu binafsi wa kuubeba mzigo huo.

Njia iliyobaki ni umri. Gari likitimiza miaka 25 tangu siku lilipoundwa, viwango vya usalama vya NHTSA, idara ya usalama wa barabarani ya Marekani, haviligusi tena. Halihitaji taa za pembeni za rangi ya chungwa wala bampa la vipimo vya huku. EPA, wanaosimamia moshi, wana hesabu yao ya miaka 21, lakini wanaongeza sharti ambalo watu hulirukia haraka: injini iwe katika hali yake ya asili.

Sharti hilo ndilo limeamua nitafute gari gani. S15 nyingi zimeishi maisha ya drifti, yaani kutelezeshwa kwenye kona. Tabo kubwa, kompyuta iliyochezewa, katalitiki, kisafishaji cha moshi, imetolewa ikawekwa bomba tupu. Mimi nataka Spec-R (toleo lenye tabo) ya giaboksi ya mkono, injini ya SR20DET kama ilivyotoka kiwandani na nguvu zake za farasi 250, kisanduku cha chujio la hewa kiwe kile kile, katalitiki iwe mahali pake. Wenzangu wananiambia nachagua gari lisilopatikana. Nitasubiri.

Neno kwa anayeishi California: soma sheria za CARB, bodi ya hewa ya jimbo hilo, kabla hujatuma hata senti moja. Huko gari la petroli la modeli ya 1976 na kuendelea, likiingizwa moja kwa moja na mtu, lazima lipite maabara kupimwa moshi. Miaka 25 ya NHTSA haisaidii kitu mbele ya sharti hilo.

Februari 2024

Nimekuwa nikisoma karatasi za mnada kila wiki. Wakala wangu Japani ananitumia, mimi nazikuza kwenye skrini na kuzichunguza kona kwa kona.

Karatasi ya mnada ni kitu cha heshima ukiielewa. Juu pembeni kuna daraja la gari: 4 ni zuri, 3.5 ni la kawaida kwa umri huu, na R ni gari lililowahi kupata ajali iliyogusa mifupa ya bodi likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari kama limefunuliwa, umejaa herufi na namba. A1 ni mkwaruzo mdogo, U2 ni kibonyeo, W ni sehemu iliyopigwa rangi upya, S ni kutu, XX ni paneli iliyobadilishwa. Ukiona W imeandikwa madigadi ya nyuma, mlango na nguzo, zote upande mmoja, huhitaji kuambiwa kilichotokea hata kama daraja linasema 4.

Ninachotazama zaidi ya namba ya kilomita ni sehemu ya chini. Injini ya SR20 inatumia cheni, si mkanda, na ikipewa oili safi kwa wakati inavumilia sana. Bodi ndiyo haisamehe. Reli za chuma zinazopita chini ya sakafu hubonyezwa na jeki zinazowekwa ovyo, kisha maji yanakaa kwenye mkunjo na kutu inaanza kwa ndani. Sehemu nyingine ni minara ya shokapu za nyuma ndani ya buti, na vizingiti chini ya milango. Namwomba wakala picha za sehemu hizo kabla sijataja bei yoyote. Gari la kilomita 150,000 lenye reli zilizonyooka ni bora kwangu kuliko la 60,000 lililokuwa likirushwa kwenye kingo za kiwanja cha drifti.

Bei zinapanda, na sababu inaonekana wazi. Kila mwezi unapotimia, magari ya mwezi huo yanapata wanunuzi wa Marekani. Ukiweka S15 ya mwanzo wa 1999 kando ya ya 2001 iliyo katika hali ile ile, mvutano wa bei unatoka kwenye kalenda tu.

Machi 2024

Limepatikana. Spec-R ya rangi ya fedha, daraja 4, hali ya ndani daraja B. Mmiliki alikuwa mtu mzima aliyelitunza bila kulibadilisha, isipokuwa redio. Mfumo wa moshi ni wa kiwandani. Kipimo cha tabo kipo pale pale Nissan walipokiweka, kwenye nguzo ya kulia ya kioo cha mbele, na hakuna vipimo vingine vilivyoongezwa. Hiyo pekee inaniambia mengi juu ya injini: anayeongeza presha ya tabo hufunga vipimo.

Sasa suala la mwezi. Gari la Japani halina kibandiko cha mlangoni kinachosema limeundwa lini kama yalivyo magari ya Marekani. Lina bamba dogo kwenye chumba cha injini lenye msimbo wa modeli, rangi na vitambaa vya ndani, na namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Tarehe hakuna. Hati ya usajili ya Japani nayo inaonyesha usajili wa kwanza, na inauandika kwa mwaka wa enzi ya mfalme. Langu limeandikwa Heisei 11, mwezi wa 5. Heisei 1 ilikuwa 1989, kwa hiyo ni Mei 1999.

Katalogi ya vipuri, ukiingiza namba ya chesisi, inaonyesha gari limetoka kiwandani Aprili 1999. Mtu mwenye haraka angesema Aprili 2024 njia ni nyeupe. Lakini NHTSA, pale ambapo gari halina kibandiko, wanataka ankara ya mauzo ya kwanza au hati ya usajili inayoonyesha gari lilisajiliwa angalau miaka 25 iliyopita. Hati niliyo nayo inasema Mei bila kutaja siku. Basi naipita Mei yote. Gari langu halitagusa ardhi ya Marekani kabla ya Juni.

Kuna watu wanaojaribu kusogeza mwezi kwenye karatasi. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu limewahi kuharibu magari mazuri. Gari lililoingia kwa tamko la uongo linaweza kukamatwa hata baada ya miaka, likiwa mikononi mwa mnunuzi wa tatu asiyejua chochote, na mwisho wake ukawa mashine ya kusaga chuma. Miezi miwili ya kusubiri haina uzito wowote mbele ya hatari hiyo.

Tarehe 26 Machi: nafasi niliyokuwa nimeomba ni ya meli inayoshusha Baltimore, bandari iliyoongoza Marekani kwa magari mwaka 2023. Alfajiri ya leo meli ya makontena Dali imegonga daraja la Francis Scott Key na daraja limeanguka. Kulikuwa na mafundi wa barabara waliokuwa wakiziba mashimo usiku, na wanatafutwa majini. Mambo ya gari yanaweza kungoja.

Aprili 2024

Mafundi sita walifariki. Njia ya meli kuingia Baltimore imezibwa na vyuma vya daraja, na kampuni za meli zinahamishia magari bandari nyingine. Langu limehamishiwa Brunswick, Georgia, ambako pia wamezoea kazi ya magari.

Huko Japani usajili umefutwa kwa ajili ya kusafirisha gari nje, na cheti chake kimetoka. Hiki ndicho cheti kitakachofuata gari maisha yake yote. Bila hicho, ofisi ya magari ya jimbo haina pa kuanzia. Nimeagiza tafsiri yake ya Kiingereza iliyotiwa sahihi na mtafsiri, na nimemwomba wakala atume cheti halisi kwa kampuni ya vifurushi badala ya kukiacha ndani ya gari. Kwenye meli za magari kitu chochote kilicholegea ndani ya gari unakihesabu kama kimepotea.

Pia nimelipia kuoshwa chini kwa maji ya presha. Maofisa wa kilimo wa Marekani hukagua udongo na mbegu zinazosafiri kwenye magari, na gari lenye tope kwenye madigadi linaweza kuzuiwa bandarini likaoshwe kwa gharama ya mwenyewe.

Mei 2024

Limepakiwa Yokohama. Meli ya aina hii haitumii kontena: dereva wa bandari analiendesha gari kupanda daraja la kupakilia la meli na kuliegesha kwenye sakafu pamoja na mamia ya mengine, kisha linafungwa kwa mikanda. Kwa hiyo linatakiwa liwake, lisimame kwa breki na liwe na mafuta kidogo tu. Nimepewa picha yake gatini. Siku za safari zinaniangusha Brunswick katikati ya Juni au baadaye.

Juni 2024

Limefika, na tarehe ni salama.

Kazi ya karatasi imefanywa na wakala wa forodha niliyemlipa. Inawezekana kuifanya mwenyewe, lakini kwa gari la kwanza ningemshauri mtu yeyote atafute wakala aliyewahi kupitisha magari ya miaka 25, maana asiyelijua jambo hili atakuuliza maswali ambayo hata forodha hawaulizi. Fomu kubwa ni mbili. HS-7 ni ya NHTSA, na unatia alama kisanduku namba 1, kinachosema gari limetimiza miaka 25. Ya EPA ni 3520-1, na herufi ni E, ya magari yaliyotimiza miaka 21 yakiwa katika hali ya asili. Ukiisoma herufi hiyo kwa makini unaelewa kwa nini niliacha magari mengi ya bei nafuu yenye tabo kubwa yapite. Sahihi inayowekwa hapo ni tamko mbele ya serikali.

Mwaka 2024 ushuru wa gari dogo la abiria ulikuwa asilimia 2.5 ya thamani. Juu yake kulikuwa na ada ya kushughulikia bidhaa, asilimia 0.3464, na ada ya matengenezo ya bandari, asilimia 0.125. Kwa gari la dola 20,000, ushuru ulikuwa dola 500, ada ya kwanza dola 69.28, ya pili dola 25. Watu wengi hudhani ushuru ndio unaoumiza. Kinachoumiza ni usafiri wa meli, wakala, ghala la bandari ukichelewa, na lori la kulipeleka nyumbani, kwa kuwa gari halina namba na haliruhusiwi barabarani.

Forodha wamerudisha karatasi iliyogongwa muhuri na nakala ya HS-7. Nimezipiga picha, nimezitoa nakala, na halisi nimezifungia.

Julai 2024

Liko juu ya lifti. Nimelala chini yake na taa ya mkononi jioni nzima na nina furaha isiyoelezeka. Reli zimenyooka. Rangi ya kiwandani bado inaonekana kwenye mikunjo. Kutu ipo mahali pawili: kingo ya mnara wa shokapu ya nyuma kulia, kipande cha ukubwa wa kucha, na chini ya sehemu ya betri ambako asidi imewahi kudondoka. Zote nimezikwangua hadi chuma cheupe, nikapaka dawa ya kuzuia kutu na praima.

Matairi yana kina kizuri cha kashata lakini msimbo wa ubavuni unaonyesha yameundwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Yameondoka. Mipira ya maji ya rejeta, mipira ya breki na bushi za mikono ya chini zimekakamaa, na hapa undugu na 240SX unalipa: sehemu nyingi za miguu zinaingiliana, kwa hiyo vipuri vinapatikana Marekani bila kuagiza mbali. Vipuri vya injini ni hadithi nyingine. SR20DET haikuuzwa huku, na plagi, koili na kipimo cha hewa navitoa Japani.

Nimefungua mfuniko wa valvu. Mkono mmoja wa valvu ukirushwa kutoka mahali pake kwa sababu mtu alizidisha mizunguko ndipo injini hizi hufa, hivyo nimekagua kila mkono. Yote imekaa. Oili ilikuwa na rangi ya asali.

Giaboksi ina neno. Gia ya tatu inakwaruza ukiipandisha haraka ikiwa baridi. Giaboksi ya gia sita ya Spec-R inajulikana kuwa dhaifu kuliko ya gia tano iliyokuwa kwenye S14. Nimebadilisha oili yake na mkwaruzo umepungua sana, haujaisha.

Agosti 2024

Ofisi ya magari ya jimbo. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu serikali kuu imeshamaliza kazi yake na ruhusa ya kuingia nchini si ruhusa ya kutembea barabarani. Namba na hati ya umiliki ni mamlaka ya jimbo, na majimbo hayafanani. Maine, kwa mfano, iliwahi kufuta usajili wa magari madogo ya Kijapani yaliyoingia kihalali kabisa kwa sheria ya miaka 25.

Tatizo langu lilikuwa namba ya chesisi. Tangu 1981 magari ya Marekani yana namba ya herufi na tarakimu 17. S15 ina S15, kistari, kisha tarakimu sita. Kompyuta ya ofisi inakataa. Dada aliyekuwa dirishani alijaribu kuanza na sifuri nane, na hapo nilimwomba kwa adabu asifanye hivyo, kwa kuwa namba kwenye hati lazima ilingane na iliyogongwa kwenye chuma, la sivyo askari wa kwanza atakayefungua boneti ataona gari lenye namba mbili. Alimwita msimamizi. Msimamizi alijua: mfumo una njia ya magari ya kabla ya 1981, na namba fupi inaingizwa kwa mkono humo. Ofisa alitoka nje na tochi, akasoma namba kwenye ukuta wa chuma tarakimu baada ya tarakimu, akalinganisha na cheti cha Japani, tafsiri, karatasi ya forodha na HS-7.

Hati ya umiliki imekuja kwa posta. Mwaka: 1999. Chapa: Nissan. Namba ya chesisi iko sawa, pamoja na kistari.

Bima nayo ilikuwa na ugonjwa huo huo wa tarakimu 17. Kampuni za magari ya kawaida zilishindwa hata kunipa bei. Iliyokubali ni ya magari ya kumbukumbu, kwa thamani tuliyokubaliana mapema na picha za kila upande. Kwa gari lisilo na bei ya soko kwenye vitabu vya huku, usikubali bima ya aina nyingine: likipata ajali watakupimia kwa bei ya 240SX kongwe.

Septemba 2024

Taa. NHTSA hawana neno nazo tena, lakini mimi ninalo. Gari lililoundwa kuendeshwa kushoto hutupa mwanga wake mrefu upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Ukiliendesha kulia, mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja mbele yako. Kuwa halali si sababu ya kumpofusha mtu usiku.

Kwa magari mengi unanunua tu taa za nchi inayoendesha kulia. S15 haina. Ilikouzwa kote, Japani, Australia na New Zealand, wanaendesha kushoto, hivyo Nissan hawakuunda taa ya upande wa pili. Nimenunua jozi ya pili iliyotumika ili za asili zibaki kamili kwenye sanduku. Hizo za pili nimezipasha moto taratibu hadi gundi ya kioo ikalainika, nikakifungua, nikatoa lenzi ya ndani na kuweka ya gari la soko la Marekani yenye mstari wa mwanga unaopanda kulia. Kazi ngumu ni kuisawazisha: digrii moja ya kuinama na taa inatazama miti. Nimeipima kwenye ukuta, gari likiwa kwenye sakafu bapa, tangi nusu, na mtu kwenye kiti cha dereva. Gundi mpya, na kioo hakijashika mvuke baada ya mvua.

Spidi inasomwa kwa kilomita na inaishia 180. Nimeiacha, na kibandiko kidogo cha maili kipo pembeni. Redio ya Kijapani inashika FM ya 76 hadi 90 tu, hivyo stesheni nyingi za huku haizisikii. Imebadilishwa.

Oktoba 2024

Namba imefungwa. Namba ya Marekani ni ndogo kuliko ya Japani kwa urefu na kwa kimo, na nafasi ya bampa la nyuma haikuikusudia, kwa hiyo nimetengeneza kishikio cha alumini kinachotumia matundu yale yale ya skrubu, bila kutoboa bampa.

Nimeliendesha. Tabo inaamka mapema, usukani una uzito wa ukweli, na gari lenye kilo 1,240 hivi linageuka kabla hujamaliza kufikiri. Kukaa kulia kwenye barabara ya kulia kunataka nidhamu wakati wa kupita lori, basi sipiti mpaka nione mbele vizuri kabisa.

Kilichobaki ni giaboksi. Sinkronaiza, pete zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza, za gia ya tatu na ya nne zimeagizwa Japani pamoja na beringi zote, na klachi itakaguliwa giaboksi ikiwa chini. Nitaandika zikifika.